Kanisa Kwenye Kiwanja cha Duka

Jumatatu ndiyo siku iliyonizeesha. Ninyi mnaoanza kazi ya mipango miji leo, na kompyuta zenu zinazochora barabara kabla hamjamaliza chai, mnadhani kazi hii inachosha macho. Haichoshi macho. Inachosha masikio. Mji ukishapumzika Jumapili, Jumatatu asubuhi unaamka, unakuja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya ardhi, na kila aliyekaa kwenye lile benchi ana jirani.

Nilifanya kazi hiyo Songea karibu maisha yangu yote ya utumishi, na miaka iliyonitoa jasho hasa ni ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo mtaa wa maduka pale Majengo ulikuwa mtulivu kama maktaba, kwa kuwa madukani hamkuwa na kitu. Mara sabuni ikarudi, mafuta ya kupikia yakarudi, mitumba ikaja kwa marobota, na kila mwenye ukuta akautoboa dirisha akaanza kuuza. Sisi ofisini tulikuwa na ramani ya mji iliyochorwa kwa mkono na kupakwa rangi: biashara rangi yake, makazi rangi yake, taasisi rangi yake. Asubuhi nilikuwa naitazama ile ramani, kisha nafungua dirisha natazama mji, na vitu hivyo viwili vilikuwa havijuani kabisa.

Nitawasimulia shauri moja tu. Mkilielewa hilo, mengine mtayakuta kazini, wala hamtahitaji kuyatafuta.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kila kiwanja kina matumizi yaliyoandikwa kwenye hati yake. Ukipewa kiwanja cha duka, jenga duka. Nyumba za ibada zina maeneo yake yaliyotengwa, yenye nafasi ya watu kukusanyika bila kukanyagana na wateja. Ukitaka kuweka nyumba ya ibada kwenye kiwanja cha biashara, unaomba kubadili matumizi: tangazo linabandikwa pale pale, majirani wanasikilizwa, kamati inaamua. Kisha ipo kanuni ya pili, kwamba leseni ya pombe haitolewi karibu na nyumba ya ibada. Kila moja ukiisoma peke yake utasema aliyeitunga alikuwa na akili timamu. Ziweke zote mbili kwenye mtaa mmoja, ndipo utaanza kuumwa kichwa.

Mtaa wenyewe ulikuwa na watu hawa. Upande mmoja Mzee Saidi Mchopa, Myao wa Tunduru, mfanyabiashara wa vitambaa na nafaka, mtu mpole mwenye kofia safi siku zote. Upande wa pili Mama Getruda, mjane, mwenye baa ndogo ya vyumba viwili na uwanja nyuma. Katikati yao lilikuwepo ghala tupu. Zamani lilikuwa la duka la ushirika, na duka lilipokufa mwenye jengo akahamia Makambako, akaacha mlango na kufuli.

Mzee Saidi ndiye aliyeanza kuja ofisini, tena kabla ghala halijapata mtu. Alikuja kwa utaratibu, akasimama mlangoni hadi nilipomkaribisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina haja ndogo. Nyuma ya duka langu nataka kujenga chumba cha kuswalia. Mimi, vijana wangu wa kazi, na wasafiri wanaotoka kwetu na mizigo. Msikiti upo mbali kidogo, na Adhuhuri ndiyo saa ya wateja. Nimeona niombe kwanza."

Kumbukeni maneno hayo, nimeona niombe kwanza. Katika kazi hii mtayasikia mara chache mno. Nikampa fomu, akajaza, ikaenda kwenye kamati na ushauri wangu, na ushauri wangu ulikuwa kama kanuni ilivyosema: kiwanja ni cha biashara, nyumba ya ibada haimo. Kamati ikakataa. Nilimpelekea jibu mwenyewe dukani. Alilisoma polepole, akalikunja, akaliweka mfukoni.

"Sawa, mwanangu. Sheria ni sheria."

Akaendelea kuswali pale pale alipokuwa akiswali, kwenye mkeka nyuma ya magunia ya mahindi. Sikulala vibaya. Niliona nimefanya kazi yangu.

Halafu akaja Mchungaji Menas Haule.

Mchungaji Haule alikuwa mwalimu wa shule Namtumbo kabla hajaitwa kwenye huduma. Ukikutana naye ofisini alikuwa na sauti laini ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alikodi lile ghala kwa mwenyewe aliyeko Makambako. Mabenchi yakaingia, na nyuma ya mabenchi vikaja vipaza sauti viwili vyeusi vyenye ukubwa wa kabati la vyombo. Nilipopita kukagua alinipokea mlangoni.

"Bwana asifiwe, dada."

"Asifiwe. Mchungaji, hapa ni kiwanja cha biashara. Mmeanzisha kanisa?"

"Hapana, dada. Hii ni semina."

"Semina ya nini?"

"Ya neno la Mungu. Ni ya muda tu."

Nikatafuta kwenye kanuni, semina sikuiona. Hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba semina ingehitaji rangi yake kwenye ramani. Nikamwambia ikiwa ni ya muda, sawa, amalize. Ile semina iliingia wakati wa masika, ikapita kiangazi, ikavuna mahindi, ikaona masika mengine. Ilifungisha ndoa. Ilibariki watoto. Ilipata kwaya ya vijana na kwaya ya akina mama, na kila nilipopita Mchungaji alinijibu kwa ile sauti ya chumvi kwamba semina inakaribia kwisha.

Pale ghalani sauti yake haikuwa ya chumvi. Vipaza sauti vilielekea dukani kwa Mzee Saidi moja kwa moja, si kwa ubaya, ni kwamba ndipo dirisha lilipokuwa. Mteja akiuliza bei ya kitenge alijibiwa na Mchungaji kwamba dunia inapita.

Jumatatu moja Mzee Saidi akarudi. Safari hii hakusubiri kukaribishwa, na mtu wa adabu kama yule akiingia bila kukaribishwa ujue pameharibika. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwanangu, nimekuja kuuliza, sikuja kugombana. Mimi niliomba chumba cha watu wachache, wasio na spika, wakaao kimya. Mkaniambia kiwanja ni cha biashara. Kiwanja cha mwenzangu kimekuwa cha nini?"

"Kiwanja chake nacho ni cha biashara, mzee."

"Anauza nini?"

Nikatazama ile ramani ya rangi. Yeye akangoja kwa utulivu, na kungoja kwake kulinichoma kuliko kama angenifokea.

"Mimi sina neno na ibada yake," akasema. "Mtu kumtaja Mungu si kosa. Ninachotaka kujua ni kama kosa langu lilikuwa kuomba. Nisingeomba, leo ningekuwa naswali chumbani kwangu, nanyi mngekuwa mnaniambia nimalize semina."

Nikaenda kwa bosi wangu, Bwana Kapinga. Bwana Kapinga alikuwa Mmatengo kutoka milimani Mbinga, mtu mwema asiyependa kelele. Nikamweleza yote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Tumia busara, Gaudensia."

Vijana, mkubwa akikwambia tumia busara, maana yake ni kwamba lolote litakalotokea lilikuwa wazo lako. Nimetumia busara nyingi mno katika utumishi wangu, na sikumbuki hata siku moja niliyoletewa nyingine.

Nikamfuata Mchungaji nikamwambia wazi: semina imekwisha. Ama aombe kubadili matumizi kama raia mwingine yeyote, ama nitakuja na rangi nyekundu nipige alama ya kufunga ukutani mwake. Nawaambia hapa jambo la kazi: usiende na kopo la rangi siku ya kwanza. Mtu akishaona kopo hasikii tena maneno yako, anatazama brashi tu. Nenda mikono mitupu, sema, ondoka. Rangi ipo, haiozi.

Aliomba. Hilo nampa haki yake, aliomba vizuri, kwa mwandiko wa mwalimu. Lakini mwishoni aliongeza ombi jingine: kwa kuwa jengo litakuwa nyumba ya ibada, na kwa kuwa jirani yake ni baa, basi leseni ya ile baa isiendelee, kama kanuni inavyotaka.

Nililisoma lile ombi nikiwa nimekaa, nikalisoma tena nimesimama. Kanuni ilikuwa upande wake. Alikuwa ameingia kinyume cha kanuni ya kwanza, na sasa angeweza kumtoa jirani yake kwa kanuni ya pili.

Tangazo likabandikwa ghalani ili majirani watoe maoni. Hapa tena nawapa ujuzi usiokuwemo kwenye vitabu vyenu: gundi ya ofisi ilikuwa imekwisha, kama kawaida, tukabandika kwa uji wa unga wa mahindi. Mbuzi wa Majengo wakalila tangazo lote pamoja na muhuri. Muda wa maoni ukaanza upya. Tangazo la pili nililibandika juu, halafu nikasimama pale nikalisoma kwa sauti, kwa sababu wengi wanaohusika na tangazo hawasomi matangazo. Fanyeni hivyo. Mtajisikia wajinga kwa muda mfupi, lakini hakuna atakayekuja kusema hakujua.

Mama Getruda alinisikia akiwa uwanjani kwake anapepeta maharage. Alinisikiliza hadi mwisho, akaja na ungo wake.

"Tumsifu Yesu Kristo, Gaude."

"Milele amina, mama."

"Hebu rudia pale pa baa."

Nikarudia. Yule mama nilikuwa nakaa naye benchi moja kanisani, misa ya kwanza. Alikuwa akihudhuria misa, anarudi, anabadili nguo, ndipo anafungua baa. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa kwa ajali njia ya Njombe, akamwachia vile vyumba viwili na watoto ambao walikuwa bado hawajajua kusoma. Wote walisomeshwa na zile chupa.

"Nani alimkuta mwenzake hapa?" akauliza.

"Wewe ulikuwepo, mama."

"Sasa mimi ndiye nihame?"

"Hakuna aliyeamua bado. Kamati itasikiliza."

"Kanisani tunapeana mkono wa amani, Gaude, halafu siku za kazi unanibandikia karatasi." Akageuka, akarudi kwenye maharage yake.

Basi nikawa mbaya kwa wote. Watu wa Mzee Saidi walisema nawapendelea Wakristo. Watu wa Mchungaji walisema mimi Mkatoliki, siwataki walokole. Mama Getruda, Mkatoliki mwenzangu, akaacha kukaa nami benchi moja, akahamia upande wa kwaya. Bwana Kapinga akaniambia nitumie busara.

Aliyeniokoa ni Bwana Komba, bwana afya wetu, mtu mzima aliyekuwa amebakiza muda mdogo kustaafu. Jengo la mikusanyiko lilitakiwa likaguliwe na afya pia. Mimi nilikuwa nimeshalikagua siku ya kazi, likiwa tupu, nikaandika: kuta nzima, paa zima, mlango mmoja. Bwana Komba akasoma taarifa yangu akaguna.

"Umekagua ghala," akasema. "Tunaombwa kuruhusu kanisa. Kanisa unalikagua siku ya kanisa."

Jumapili iliyofuata tukaenda wote. Tulisimama upande wa pili wa barabara, chini ya kibaraza cha fundi cherehani. Watu walikuwa wamejaa hadi nje, na mlango ule mmoja ulikuwa umezibwa na migongo. Niliwajua wengi: akina mama wauza dagaa na nyanya sokoni, vijana wa mizigo, wasafiri waliolala gesti wakingoja usafiri. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho ramani yangu haikuwa nacho. Wale watu walikuwa na maisha yao yote pale sokoni. Kuwaambia waende kusali eneo lililotengwa Mshangano, kwenye mashamba, ilikuwa sawa na kuwaambia wasisali.

"Usitazame mlango wa mbele tu," Bwana Komba akaniambia. "Tazama wanakokwenda."

Nikatazama. Kutoka ubavuni mwa ghala ulikuwepo mstari wa watu, mwanamume mwenye suti na tai, mwanamke mwenye kitenge kipya na mtoto mgongoni, mzee mwenye Biblia kwapani. Mstari ulipita kwenye uchochoro, ukaingia uwanjani kwa Mama Getruda, ukaishia kwenye choo cha baa.

Ghala halikuwa na choo. Halijawahi kuwa nacho. Kwa muda wote ule wa semina, kanisa zima lilikuwa linajisaidia baa.

Tukavuka barabara, tukaingia uwanjani. Baa ilikuwa haijafunguliwa. Mama Getruda amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, kando yake pipa la maji na kata. Kila aliyetoka chooni alimchotea maji akamnawisha. Alikuwa hajabadili nguo za misa.

"Mama," Bwana Komba akamwambia, "hawa si ndio wanaotaka ufungiwe?"

"Ndio hao."

"Na unawafungulia choo?"

Akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mtu aliyebanwa humuulizi dini, Bwana Komba. Unampisha."

Kamati ilikaa wiki hiyo, na majirani wakaitwa. Mchungaji alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema watu wake ni maskini wa sokoni, kwamba wengi waliacha ulevi pale ndani, na kwamba inawaumiza kutoka kwenye maombi na kukutana na chupa mlangoni. Sikuweza kusema anadanganya. Nilimjua kijana mmoja wa mizigo aliyekuwa akilala mtaroni, na sasa alikuwa na mke na kitanda.

Akasimama Mzee Saidi. Watu wakajiandaa kusikia mabaya.

"Sauti ya spika iteremshwe, nisikie wateja wangu," akasema. "Zaidi ya hapo sipingi. Ila nataka kamati iniambie kitu kimoja. Mimi niliomba, mkaninyima. Huyu hakuomba, mnamtafutia njia. Mkimpa, mpeni. Lakini vijana wangu watajifunza nini kwenu?"

Mwenyekiti akamwita Mama Getruda, naye akasema hana maneno mengi, leseni yake wanaijua, watoto wake wanawajua. Akakaa.

Bwana Komba akasoma taarifa yake ya afya kwa sauti ile ile kavu ambayo angesomea taarifa ya machinjio. Mlango mmoja, hauruhusiwi kwa idadi ile ya watu. Choo, hakuna. Waumini wanatumia choo cha baa jirani. Akavua miwani.

"Mchungaji, nina swali la kitaalamu. Baa ikifungwa, watu wako watakwenda wapi?"

Vicheko vilianza nyuma, vikakatika. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kati ya waumini, muuza dagaa, namjua kwa jina la mtoto wake tu, Mama Tumaini. Hakuwa ameitwa kusema.

"Mchungaji, nisamehe," akasema. "Mimi nilipokuwa na mimba nilikuwa natoka ibadani mara kwa mara. Yule mama alikuwa ananiwekea kiti. Aliniuliza mimba ina miezi mingapi kabla hata mtu wa kanisani hajaniuliza. Ombi hili la kumwondoa, sisi hatukuulizwa. Tukimfukuza nitaona aibu kupita mtaa ule."

Mchungaji Haule akasimama. Alipozungumza ilikuwa kwa ile sauti ndogo ya ofisini, na safari hii niliiamini. Akasema ombi la pili analiondoa. Kisha akapita kati ya viti hadi alipokaa Mama Getruda, akamwambia jambo ambalo sikulisikia. Mama Getruda akamjibu kwa sauti tuliyosikia wote: "Jenga choo, Mchungaji. Mimi nimechoka kuchota maji."

Kamati ikakataa kubadili matumizi ya kiwanja moja kwa moja, ikampa kanisa muda wa kukaa pale kwa masharti: mlango wa pili, choo, spika zigeuzwe na sauti yake iteremshwe, na wakati huo huo litafute mahali pa kujenga kwenye eneo lililotengwa Mshangano. Wengine walituita walaini na wengine wakatuita wakali, kwa uamuzi ule ule mmoja. Baadaye kweli walihamia Mshangano, baada ya kukua hadi ghala likawashinda, na nafikiri ni wingi wao uliowahamisha kuliko barua zangu zote. Baa ya Mama Getruda iliendelea. Alirudi kukaa benchi langu kanisani, bila maelezo, Jumapili moja tu nikamkuta pale.

Lakini siku ile ya kamati mimi nilikuwa sijamaliza. Swali la Mzee Saidi lilibaki juu ya meza kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuiosha. Kabla watu hawajaondoka nikaomba kusema. Nilieleza kwamba chumba cha wafanyakazi kuswalia ndani ya duka si nyumba ya ibada ya mikusanyiko, kama vile chumba cha wafanyakazi kulia chakula si mgahawa. Duka linabaki duka. Kanuni tuliyoitumia kumkatalia iliandikwa kwa ajili ya makundi makubwa, na tuliisoma kana kwamba kila sala ina ukubwa mmoja. Nikaomba shauri lake lisikilizwe upya.

"Gaudensia," Bwana Kapinga akaninong'oneza, "tumia…"

"Ndiyo hiyo naitumia, mzee."

Ilichukua vikao kadhaa na maneno mengi yasiyo na maana, lakini kamati ilikubali. Nikaenda mwenyewe dukani kumwambia. Mzee Saidi alikuwa anapima kitambaa kwa mteja. Alimaliza, akapokea, akamuaga mteja, ndipo akanigeukia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na mwenzangu mlimpa kwa namna gani?"

"Kwa masharti, mzee."

"Yangu yako wapi?"

"Chumba chako ni kidogo, mzee. Wameona hakina haja ya masharti. Jenga tu."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Kaniandikie na mimi. Chumba cha bila masharti ni cha huruma, na kesho akija mwingine mwenye huruma kidogo atakivunja. Mimi nataka cha sheria."

Miaka yote nimewakimbiza watu wafuate masharti. Nimefukuzwa kwa majembe, nimetukanwa kwa lugha nne, nimebishana na wasomi walioweka vyoo barabarani. Huyu alikuwa wa kwanza na wa mwisho kuja kuniomba masharti. Nikarudi ofisini, nikayaandika: upana wa mlango, dirisha la hewa, mahali pa kutawadhia na mfereji wa kutolea maji yasitiririke kwa jirani. Nikagonga muhuri, nikampelekea.

Alipomaliza kujenga aliniita kukagua. Nilikwenda Ijumaa asubuhi, kabla hawajaanza kuswali humo. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa, mikeka imekunjwa pembeni, mfereji wa saruji umeelekezwa vizuri mtaroni. Nikatoa futi kamba nikapima mlango, na ulikuwa sawa kabisa na nilivyoandika. Nikarudia kupima. Mzee Saidi akaniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hakuna, ni kwamba tangu nianze kazi sijawahi kukuta jengo kama hili, na sikuwa na hakika kama futi kamba yangu ni nzima.